Mwaka Tulioishi na Banjo ya Mzee Gathogo

Tulimzika Mzee Gathogo kwao Ol Kalou, Jumamosi ya manyunyu, na jamaa na majirani walipokwisha kula na kuanza kuaga, sisi tuliomjua Dubai tukajikuta hatuondoki. Hakuna aliyemwambia mwenzake tubaki. Harriet Namubiru alikuwa amekuja na basi kutoka Kampala, miguu imemvimba, akajibwaga kwenye kochi na kuvua viatu kama mtu aliyefika kwao. Otieno, ambaye zamani ndiye aliyekuwa amekodi ile fleti yetu ya Al Nahda na kutupangisha vitanda, alisimama dirishani akijifanya anatazama mvua. Mimi nilikaa mkabala na banjo yenyewe. Mama Njeri, mjane wa marehemu, alikuwa ameiweka kwenye kiti cha peke yake na kuifunika kitambaa cha kufuma, kama mgeni wa heshima. Tukaanza kubishana. Harriet alisema mzee hakuwahi kupiga kama siku ile Dubai ilipojaa maji, barabara zikafungwa na sote tukashinda nyumbani. Otieno akasema Harriet hajui anachosema, siku yenyewe ilikuwa ile mzee alipokatikiwa na uzi katikati ya wimbo na akaumaliza bila mtu kugundua. Tulikuwa tunacheka kwa sauti ndani ya nyumba ya msiba, mpaka Mama Njeri akatoka jikoni na birika mkononi, akatutazama mmoja mmoja.

"Huyo mnayemsema," akauliza, "ni huyu wangu?"

Kwake yeye, mumewe alikuwa mtu wa maneno machache aliyepiga simu kila wiki kuuliza habari za ng'ombe. Aliporudi nyumbani kwa mara ya mwisho alikuwa akipigia banjo kwenye boma la ng'ombe baada ya kukamua, naye Mama Njeri akaona ni mchezo wa uzeeni, akamwachia. "Sikujua ana watu," akasema. Akaweka birika chini, akaketi kati yetu. "Haya, niambieni. Alikuwaje huko?" Kila mtu akasimulia lake. Zamu yangu ilipofika nilisema maneno mawili matatu, nikaishia hapo, Harriet akanishika goti na kuingilia na hadithi nyingine ya kuchekesha ili kunificha. Mvi zimeanza kunitoka sasa, na nimegundua kwamba maswali ninayoshindwa kuyajibu papo hapo ndiyo yanayonifuata nyumbani. Hili lilinifuata mpaka Kapsabet. Kwa hiyo ninamjibu hapa, kwa utaratibu, nikianza na mwaka wenyewe, kwa sababu kwangu mimi Mzee Gathogo ni mwaka mmoja, wa 2015, na yote niliyoyapata baadaye maishani yalitoka humo.

Nilifika Dubai mwezi wa kwanza, kuuza vitambaa katika duka moja la Bur Dubai, na nikapelekwa kulala Al Nahda, karibu na mpaka wa Sharjah, kwenye jengo refu ambalo lifti yake ilinuka vitunguu na marashi. Wanawake tulilala sebuleni, sebule yenyewe imegawanywa kwa mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya maziwa, na wanaume vyumba vya ndani. Jikoni palikuwa mahali pekee ambapo mtu angeweza kunyoosha mikono yote miwili. Asubuhi ya Ijumaa ya kwanza, siku yetu ya mapumziko, niliamka nikasikia kitu nyuma ya mbao. Kilikuwa chembamba na cha haraka, kama mtu anayemimina mahindi makavu kwenye sufuria, punje kwa punje, lakini kwa mpangilio. Nikadhani ni redio ya mtu iliyoharibika. Nikafuata sauti hadi jikoni, nikamkuta mzee mrefu ameketi kwenye kreti ya maziwa iliyopinduliwa, bado amevaa suruali ya sare ya ulinzi, na mapajani ameweka kitu chenye uso wa duara kama ngoma na shingo ndefu kama ya gita. Nyuma ya ile ngoma alikuwa amesokomeza taulo zima. Mtu pekee aliyekuwa naye ni Harriet, aliyekuwa akisonga ugali bila kugeuka.

"Nyabo, dada yangu, usiogope," Harriet akaniambia. "Huyu mzee anapiga vitu vya Wazungu. Mimi nilikuwa nasikia kichwa kinauma, sasa nimezoea. Sasa nikikosa ndiyo kichwa kinauma."

"Si vya Wazungu," mzee akasema bila kusimamisha vidole. "Banjo imetoka kwetu Afrika. Ilipanda meli kwa lazima, kama watu. Wazungu wameilea tu." Kisha akanitazama. "Wewe ni wa wapi, msichana wangu?" Nilipomwambia Kapsabet alicheka. "Basi wewe kantri umenyonya. Kaa hapo."

Alikuwa amesema kweli. Kwetu, redio ya Jumapili alasiri ilikuwa ya nyimbo za kantri, na wazee waliojua Kiingereza cha kuombea maji tu walizijua zote kwa moyo. Lakini alichopiga Mzee Gathogo hakikuwa kantri ile ya polepole ya kulilia mpenzi. Kilikuwa blugrasi, binamu yake wa milimani, muziki wa kasi ambao banjo ndiyo inayotangulia mbele na wengine wanakimbia kuifikia. Alivaa kucha za chuma kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia. Aliwahi kupiga gita kwenye harusi za kwao alipokuwa kijana, akaacha alipopata watoto. Banjo aliipata Dubai, kwenye jengo alilolinda kule Deira, mama mmoja Mkanada alipokuwa akihama na kuiweka kando ya pipa la taka. Alimkimbilia hadi kwenye teksi. "Madam, umesahau hii." Yule mama akamwambia hakuisahau, ilikuwa ya mumewe, naye mumewe hayupo tena, aichukue. Mzee hakuwa na mwalimu. Alitazama video kwenye simu ndani ya basi la kazini, spika za masikioni, vidole vikitembea juu ya mkebe wa chakula, na walinzi wenzake wakidhani ana ugonjwa wa kutetemeka.

Kufikia mwezi wa tatu, Ijumaa zetu zilikuwa na sura yake. Waliokwenda kanisani asubuhi walirudi, chapati zikakaangwa, mtu akakatakata mchicha badala ya sukuma wiki tuliyoikosa, na watu kutoka ghorofa nyingine wakaanza kubisha hodi wakisingizia kuomba chumvi. Kulikuwa na Mfilipino mmoja aliyekuja na kijiko na kopo la maziwa ya unga, akawa ndiye mpiga ngoma. Otieno, mwenye fleti, alilalamika kwamba kreti zote zimekaliwa, halafu akaketi sakafuni. Mimi niliimba. Nilikuwa nimeimba kwaya tangu utotoni na sauti yangu sikuiona kitu cha ajabu, ilikuwa kama miguu, unayo na unatembea. Mzee aliniambia mara moja tu, akikaza nyuzi, "Jerotich, wewe huimbi na pua kama wengine," nami nikakaa na sifa hiyo wiki nzima dukani, nikipima mita za hariri. Leo ninapolikumbuka jiko lile, joto lake, mvuke wa ugali, watu wamebanana hadi mlangoni, sikumbuki hata mmoja wetu akisema kwamba tuna furaha. Tulisema, "Yalla, mzee, moja ya mwisho," na hiyo ya mwisho haikuwahi kuwa ya mwisho.

Mama yangu alifariki mwezi wa sita. Ndugu yangu Kiprono alinipigia nikiwa dukani, nimeshika mkasi. Ulikuwa ni mwezi wa Ramadhani, msimu wa watu kununua vitambaa vya Idi, duka limejaa, na nilikuwa sijamaliza muda wa majaribio. Arbab, mwenye duka, hakuwa mtu mkatili. Alinipa kiti na maji, akanificha nyuma ya marobota ili ninywe bila kuonekana na waliofunga. Lakini nilipomwomba ruhusa ya kwenda kuzika alitikisa kichwa. "Baada ya Idi, inshallah. Ukienda sasa, khalas, visa imekwisha, siwezi kukurudisha." Pasipoti yangu ilikuwa ofisini. Nilirudi Al Nahda nikalala na viatu. Waliopita maishani mwao bila kuzikiwa mtu wakiwa mbali hawawezi kujua jambo hili: machozi si shida, machozi yanakuja. Shida ni kwamba mwili haujui uelekee wapi. Nyumbani ningechota maji, ningepika, ningekaa karibu na jeneza. Dubai nilisimama jikoni nikifungua na kufunga kabati.

Mzee Gathogo ndiye aliyeniuliza mazishi ni lini. Nikamwambia Ijumaa, saa sita za Kenya. "Na mama alipenda wimbo gani?" Ulikuwa wimbo wa kanisani wa kwao kina mama, wa polepole, ambao aliuimba akipepeta mahindi. Nilimwimbia mstari mmoja, nikashindwa na wa pili. Akaondoka. Jumatano na Alhamisi niliusikia wimbo ule nyuma ya mbao, umefunikwa na taulo, akitafuta namna ya kuipunguza mwendo banjo ambayo haikuzoea kutembea. Ijumaa ilipofika, Harriet aliwakusanya watu jikoni kimya kimya. Tulingoja swala ya Ijumaa iishe kwanza na watu watoke msikitini chini, kwa sababu mzee alisema hatuwezi kumzika mtu wetu kwa kuwakosea watu wa Mungu. Nikampigia Kiprono kwa kadi ya simu. Walikuwa wamekwisha kufika kaburini. Nilimsikia mchungaji, nikasikia upepo, nikasikia shangazi zangu. Kiprono akasema, "Jero, sasa wanateremsha. Kama una neno, sema." Nikamwelekezea mzee simu, naye akaanza.

"Haisikiki," Kiprono akasema. "Jero, kuna kitu kinakwaruza tu. Haisikiki."

Mzee alisikia, simu ilikuwa kwenye spika. Alinyamazisha nyuzi kwa kiganja. Otieno alikuwa amesimama mlangoni, na sote tulijua masharti yake: fleti ile ilikuwa na watu wengi kuliko inavyoruhusiwa, na malalamiko ya jirani yeyote yangetutoa sote nje, tena mchana wa Ramadhani. Mzee Gathogo akamtazama Otieno, hakumuuliza kitu. Akaingiza mkono nyuma ya banjo, akavuta lile taulo lote, akaliweka begani mwake. Nilikuwa nimeishi na banjo ile miezi mitano na sikuwahi kuisikia sauti yake halisi. Ilijaza jiko, ikatoka dirishani, ikagonga jengo la mkabala na kurudi. Kila uzi ulikuwa peke yake, safi, na wimbo wa mama ukapita juu yake polepole, kama mtu anayevuka mto akitafuta jiwe la kukanyaga. Upande wa pili wa simu niliwasikia wanawake wa Kapsabet wakinyamaza, halafu mmoja akaushika wimbo, halafu wote. Walimzika mama yangu wakiimba na banjo ya Al Nahda.

Mlango ukagongwa kabla ya ubeti wa mwisho. Nilikwenda kufungua mimi, uso umelowa. Alikuwa mlinzi wa jengo, Mpakistani wa makamo, amekuja kwa hasira ya haki kabisa. Alinitazama, akatazama watu wameinamisha vichwa, akaisikia simu. Harriet akamwambia kwa Kiingereza chake, "Her mama. They are putting her now." Yule mtu akavua kofia, akasimama pale pale kizingitini hadi mzee alipomaliza. Kisha akasema kwa upole, "Today, sister, no problem. After today, no more." Na ikawa hivyo. Jirani alikuwa ameshalalamika kwa wakala wa jengo, na jioni ile Otieno alimwambia mzee kwa aibu kwamba banjo ikilia tena humu ndani, sote tutalala barabarani. "Umesema vizuri," mzee akamjibu. "Nilijua nikilitoa taulo." Nimezifikiria sana dakika zile. Mzee yule aliweka rehani kitu kimoja kilichompa raha katika mji ule, akakitumia chote kwa wimbo wa mwanamke asiyewahi kumwona, na hakuwahi kunikumbusha.

Miezi iliyofuata fleti ilikuwa kimya. Ijumaa watu walikula na kulala. Mzee alirudi kwenye mkebe wake wa chakula, vidole vikicheza bila sauti. Nami sikuimba tena. Sikuamua, ilitokea tu. Nikifungua mdomo kanisani nilitoa pumzi. Dukani nilikuwa na mteja mmoja, Bi Salma, mama mtu mzima wa asili ya Unguja aliyezeekea Dubai, ambaye alipenda kuhudumiwa nami kwa sababu ya Kiswahili. Siku moja mwezi wa kumi na moja aliweka kitambaa chini akanitazama.

"Mwanangu, siku hizi umekuwaje? Zamani ukipima ukivumavuma kama nyuki. Mbona umenyamaza?"

Sikujua kwamba nilikuwa nikivuma. Nikamweleza yote, mama, simu, taulo. Alinipa pole ndefu na kumwombea mama, kisha macho yakamtoka. "Umesema banjo? Banjo lenyewe, la ngozi?" Akapiga meza kwa kiganja. "Sisi nyumbani lilikuwamo kwenye taarab! Kaka yangu akilipiga. Tangu nimekuja huku sijalisikia. Nileteeni huyo mzee Ijumaa, nyumba yangu ni ya chini, jirani zangu viziwi kama mimi."

Tulikwenda, mimi, Harriet, Otieno na mzee, tukavuka maji na abra, mashua ya abiria, kutoka Deira, banjo mapajani mwake imefungwa ndani ya mto wa kulalia. Nyumba ya Bi Salma ilikuwa nyuma ya maduka ya nguo, sebule ya mazulia na mito ukutani, harufu ya udi na iliki. "Piteni, mbona mmesimama mlangoni kama wapeleka barua?" Alitulisha mbaazi za nazi na mkate wa kumimina hadi Otieno akafungua kifungo cha suruali kwa siri. Kisha akamwambia mzee aanze. Mzee alipiga kitu cha kasi sana, nadhani kwa miezi yote ile alikuwa amekizuia, kikamtoka chote pamoja. Bi Salma alisikiliza kichwa amekiinamisha upande. Kilipokwisha akasema, "Maashallah. Lakini baba, unakimbia nini? Nani anakufukuza?" Mzee Gathogo alicheka mpaka akafuta macho. Tangu siku ile Ijumaa zikahamia kwake. Alimfundisha mzee kupunguza, kuuachia uzi ulie mpaka mwisho wa pumzi yake. Mzee alimfundisha yeye kupiga makofi kwa kasi ya milimani. Walibishana kama ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali. Naamini uzuri wa mzee tuliobishania kule Ol Kalou, kila mtu na siku yake, uliiva kwenye zulia lile.

Krismasi ya mwaka ule iliangukia Ijumaa. Bi Salma alisema sikukuu ya wageni wake ni sikukuu yake, akapika biriani. Baada ya kula watu walilegea, Harriet amelala kwenye mto, Otieno akichokonoa meno, jua la alasiri limeingia hadi katikati ya zulia. Mzee alikuwa akigusagusa nyuzi bila wimbo. Kisha nikautambua. Alikuwa anaupiga ule wa mama, kwa mwendo aliojifunza humu, hauharakishi chochote. Hakunitazama. Hakuna aliyenitazama, na nadhani walikuwa wamekubaliana hivyo. Mstari wa kwanza ulipita. Kwenye wa pili nikasikia sauti ya mtu, imekwaruza, iko chini ya noti, na ilichukua muda kabla sijajua ni yangu. Niliimba vibaya. Nilichelewa kuingia, nikawahi kutoka, nikawa namfuata mzee, nikapotea, nikanyamaza katikati ya ubeti.

Mzee Gathogo akasimamisha nyuzi kwa kiganja. Akavua zile kucha za chuma, moja moja, akaziweka kwenye sahani ya Bi Salma, akabaki na vidole vitupu.

"Tena," akasema. "Na safari hii usinifuate mimi. Imba unavyotaka, nitakufuata."

Nikaimba, naye akanifuata, beti zote.